Bibi wa Mlango wa Wino

Bwenini, tarehe 2 Juni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na umeacha ubishi wa kubeba ndoo mbili kwa mkupuo. Mimi mzima, mafua yamekwisha, chakula kinapita. Ndani ya bahasha utakuta fomu. Usishtuke, sijafukuzwa.

Baba, kwenye fizikia nimepata ishirini na tatu kwa mia. Nimeandika kwa maneno kwa sababu kwa tarakimu inauma zaidi. Sura yenyewe inaitwa umeme tuli, yaani umeme usiopita kwenye waya, uliokaa tu mahali. Mwalimu wetu anaongea na ubao, ubao unaelewa, sisi tunabaki tunaangalia mgongo wake. Nimechoka kujiona mjinga kila Jumanne na Alhamisi. Nataka kuhama masomo ya sayansi. Fomu inahitaji sahihi ya mzazi na mwisho wa kuirudisha ni siku ya kufunga shule, katikati ya mwezi wa nane. Tafadhali tia sahihi upesi, kabla hujaanza kufikiria.

Vile viatu havikubani?

Ni mimi,
Binti yako


Nyumbani, tarehe 9 Juni

Mwanangu, Mama Maswali,

Marahaba. Nimefurahi mafua yamekuachia. Mgongo upo, kila asubuhi unaniamkia kabla ya jogoo. Aliyefariki ni simu: niliisahau mfukoni mwa suruali, nikailoweka pamoja na sabuni. Kwa hiyo tutaandikiana tu, na kukiwa na dharura mpigie jirani yetu fundi cherehani, namba yake unayo.

Fomu nimeiona. Nimeisoma mbele, nikaisoma nyuma, nikaiweka chini ya sahani. Wewe si ndiye uliyenifungulia redio kwa bisibisi ili uone anayeongea amekaa wapi? Leo ushindwe na umeme ambao hata mbio haupigi? Sikulazimishi. Lakini tupatane hivi: nieleweshe mimi hiyo sura. Niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza nikiwa nimekaa dirishani. Ukijitahidi kwa moyo wote na bado nisielewe, nitatia sahihi siku hiyo hiyo.

Tena nina shida yangu humo humo. Viatu havinibani hata kidogo, na kila nikivitazama nakumbuka vidole vyako vilivyovimba kwa kusuka watu nywele likizo nzima ili uvinunue. Vyeupe, soli nene ya mpira, natembea kama nimekanyaga godoro. Lakini tangu nianze kuvivaa, kiwandani napigwa na umeme. Kazi yangu unaijua, kusimama kwenye mashine inayokunjua roli za plastiki na kuzikata ziwe mifuko. Nikimpa mwenzangu bisibisi, cheche inaruka, na sisi tunaruka. Wameanza kunikwepa. Wananiita Taa.

Nimekuwekea habari njema mwishoni. Fundi wa chumba cha wino, kule unakochanganywa wino wa kuchapia mifuko, anastaafu mwezi ujao na msimamizi amenitaja mimi. Nafasi hiyo nimeiomba miaka kumi na moja. Laiti mama yako angekuwepo aisikie.

Baba yako


Bwenini, tarehe 16 Juni

Baba, shikamoo,

Hongera sana! Nimeisoma barua yako kwa sauti na bweni zima limekupigia makofi. Pole kwa simu. Umelala vizuri?

Haya, somo. Usisinzie.

Kila kitu kina chaji za aina mbili, chanya na hasi. Kwa kawaida zinalingana, ndiyo maana hatuzihisi. Ukilisugua chanuo la plastiki kwenye nywele kavu, elektroni, ambazo ni chembe ndogo zenye chaji hasi, zinahama kutoka kwenye nywele kwenda kwenye chanuo. Hakuna chaji mpya iliyotengenezwa, zimehama tu nyumba. Chanuo sasa lina elektroni za ziada, nywele zimepungukiwa. Chaji za aina moja zinasukumana, za aina tofauti zinavutana.

Sasa chana karatasi vipande vidogo, ulisogeze chanuo karibu. Vitaruka na kulishika. Hapo ndipo jaribio liliponikamata, maana karatasi haikusuguliwa, iweje ivutwe? Nimekaa na swali hili usiku na mchana ili nisije nikaaibika mbele yako. Ni hivi: chanuo likisogea, elektroni za karatasi zinasukumwa kidogo upande wa mbali, kwa hiyo upande wa karibu unabaki chanya, na huo ndio unaovutwa. Nilipoandika sentensi hiyo nilisimama nikazunguka kitanda.

Roli zako zinafanya kama chanuo. Plastiki inajisugua kwenye mashine siku nzima na kuachana nayo. Hujarogwa, baba.

Binti yako


Nyumbani, tarehe 24 Juni

Mama Maswali,

Marahaba, mwalimu wangu. Afya njema, isipokuwa heshima yangu imepungua hapa mtaani. Umeniambia nisugue chanuo kwenye nywele kavu. Mwanangu, una mwaka wa ngapi unakiona kipara changu?

Nilisugua kwenye sweta. Karatasi hazikusogea. Fundi cherehani alikuwa mlangoni ananiangalia nikiwa nimeinamia meza, napungia karatasi chanuo, akaniuliza kama nimekula. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi. Juzi jua limetoka, nikajaribu tena, zikaruka! Nilimwita fundi aje aone. Sasa na yeye anarukisha vipande vya uzi badala ya kushona suruali za watu.

Nina maswali mawili. La kwanza, kwa nini mvua iliniharibia? La pili, nimesugua kijiko cha chuma mpaka mkono ukachoka, hakivuti kitu. Kwa nini chanuo linaweza na kijiko kisiweze? Na mimi ninayepigwa kila siku, ni chanuo au ni kijiko?

Fomu bado iko chini ya sahani.

Baba yako


Bwenini, tarehe 2 Julai

Baba, shikamoo,

Nimecheka mpaka matroni amekuja. Sisi wote wazima huku, baridi tu ya asubuhi.

Wewe ni kijiko. Plastiki, mpira na kioo ni vihami: chaji ikikaa juu yake haiendi popote. Chuma na mwili wa mtu ni vipitishi: chaji inapita. Kijiko ulichokisugua kilipata chaji, lakini ilipita mkononi mwako, ikashuka mwilini na kuishia ardhini. Mvua nayo inaweka utando wa maji juu ya kila kitu, na chaji inapata njia ya kutoroka.

Sasa sikiliza vizuri. Wewe ni kijiko uliyesimama juu ya mpira. Roli zinakupa chaji, na zamani ilikuwa inashuka polepole kupitia viatu vya kiwandani. Viatu vyangu vimefunga njia. Inakujaa mpaka umguse mtu au chuma, ndipo inaruka yote kwa pamoja. Nimeipata sababu yako na sababu ni mimi.

Huko kwenye roli ni maudhi tu. Chumba cha wino kinanitia hofu. Si uliniambia wino unalainishwa kwa kimiminika kinachonuka na kukauka mara moja? Mvuke wake unawaka, baba. Cheche moja ndogo inatosha. Kabla ya kuingia lazima uguse chuma kilichounganishwa na ardhi.

Tengeneza na hiki, kinaitwa elektroskopu. Chukua chupa ya jemu, toboa kifuniko cha plastiki, pitisha msumari mrefu. Kwenye ncha ya chini ning'iniza vipande viwili vyembamba vya karatasi ya fedha ile ya kufungia chokoleti, vigusane. Gusisha chanuo lenye chaji kwenye kichwa cha msumari. Vipande vyote viwili vitapata chaji ya aina moja, vitasukumana na kuachana. Vitakaa wazi hivyo mpaka chaji ipate njia ya kushuka ardhini, ndipo vifumbe.

Nimepata arobaini na nane. Kwa tarakimu ni 48.

Binti yako


Nyumbani, tarehe 10 Julai

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na arobaini na nane nimeibandika ukutani kwa uji wa ugali, maana gundi imekwisha. Mimi mzima kabisa.

Elektroskopu ninayo mezani. Vikaratasi vinafunguka kama vimekasirikiana, nikigusa msumari kwa kidole vinapatana. Nimekaa navyo kama mtoto.

Kuhusu chumba cha wino toa wasiwasi, tuna Bibi. Sijawahi kukusimulia? Pembeni ya mlango wa wino, ukishazipita roli zetu, kuna nondo ya shaba imesimama kutoka sakafuni mpaka kiunoni mwa mtu. Tumeikuta hapo, waliotutangulia nao waliikuta. Desturi ni kwamba hakuna anayeingia kabla ya kuigusa kwa kiganja. Tunaita kumwamkia Bibi. Asiyemwamkia anarudishwa na wenzake, hata akiwa mkaguzi mwenye tai. Hakuna aliyewahi kutuambia sababu, sisi tulidhani ni adabu tu. Sasa wewe umenipa sababu! Bibi ndiye njia ya kwenda ardhini.

Tena Bibi mwenyewe sasa hivi amependeza. Zamani alikuwa amechakaa, kijani kibichi cha kutu, na alikuwa anauma: ukimgusa, tiki! kama siafu. Mwezi wa tano, nilipotajwa kuingia chumba cha wino, nilisema siwezi kuanza kazi kwa bibi mchafu. Nikamsafisha Jumapili, nikampaka rangi nyekundu ya mafuta, mara mbili. Msimamizi akanisifu mbele ya watu wote. Na tangu siku hiyo Bibi amekuwa mpole. Haumi tena hata kidogo, watu wanamgusa wakicheka.

Naanza Jumatatu tarehe 20. Viatu vya kiwandani vya namba arobaini na sita havipo stoo, unaijua miguu yangu, kwa hiyo msimamizi kasema niingie na hivi hivi vyako mpaka vije. Nimefurahi. Nitaingia na wewe.

Baba yako


Bwenini, Alhamisi, tarehe 16 Julai

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeipata leo saa nane mchana. USIINGIE CHUMBA CHA WINO.

Rangi ni kihami. Umemfunika Bibi kama waya unavyofunikwa kwa plastiki. Hakuwa mkali, baba, kule kuuma ndiyo ilikuwa kazi yake, ndiyo chaji ikitoka kwenu. Haumi kwa sababu haichukui tena. Wenzako wanaokolewa na viatu vyao vya kiwandani, bado vinawashushia chaji polepole. Wewe utatoka kwenye roli umejaa, umevaa mpira, utamgusa Bibi asichukue kitu, halafu utaingia kwenye mvuke na kushika pipa la chuma. Na sasa ni kiangazi, hewa ni kavu.

Najua barua hii haiwezi kufika kabla ya Jumatatu. Nimemlilia karani wa shule mpaka akanipa simu. Namba ya kiwanda hana, nimempigia fundi cherehani. Nimemwambia, "Mwambie baba asiingie, akwangue rangi ya Bibi kwanza." Cherehani ilikuwa inanguruma. Akasema, "Sawa, sawa, binti yangu," akakata. Sijui kama amesikia. Nimepiga tena, hakupokea.

Niandikie siku hiyo hiyo utakayosoma hapa. Neno moja linatosha.

Binti yako


Bwenini, tarehe 27 Julai

Baba, shikamoo,

Sijui kama kuna wa kuipokea.

Jumatatu ile nilikaa darasani nikitazama saa ya ukutani. Saa moja kamili nikasema sasa anavaa. Saa moja na nusu nikasema sasa yuko mlangoni. Mwalimu aliniuliza swali nikajibu vizuri, sijui hata nilijibu nini. Simu ya fundi haipatikani tangu Ijumaa. Karani ananiambia habari mbaya huwa haichelewi, nitulie. Nitatulia vipi?

Nilisuka vichwa thelathini na viwili ili ninunue vile viatu. Nilichagua soli nene kuliko zote dukani kwa sababu ya mgongo wako. Baba, sina mtu mwingine. Ile fomu ichane. Sihami. Ukiniandikia kunigombeza tu, nitaiweka chini ya mto.

Binti yako


Nyumbani, tarehe 6 Agosti

Mwanangu, mama yangu,

Marahaba, marahaba mara mia. Mimi mzima. Sina hata mchubuko. Nimeanza na hilo ili ulie kwanza, halafu urudi usome.

Fundi cherehani alisikia kila neno. Hakuwa na karatasi, akaandika kwa chaki ndani ya koti la mteja, akaniletea koti zima. "Asiingie. Akwangue rangi ya Bibi." Jioni hiyo hiyo alisafiri kwa ndugu zake, na kwa haraka ya safari simu ikabaki kwenye droo ya cherehani. Nililishika lile koti nikakaa kitandani. Kwanza nilikasirika, nikwambie ukweli. Miaka kumi na moja nasubiri mlango ule, halafu mtoto wangu aniambie nisiingie. Halafu nikakumbuka mimi mwenyewe nilivyokuandikia kwamba haumi tena, na nilivyojisifu.

Jumatatu nilikwenda na chupa ya jemu ndani ya mfuko wa chakula. Mapipa yalikuwa bado hayajafunguliwa, mlango umefungwa, sote tuko kwenye korido. Nikasema siingii. Msimamizi akaniambia, "Taa, miaka yote umeniganda kwa hii kazi, leo unaiogopa?" Watu wakacheka. Sikuwa na maneno yako, ningesema elektroni wangecheka zaidi. Nikatoa chupa, nikasugua chanuo kwenye sweta, nikagusisha msumari. Vikaratasi vikaachana. Nikashika chupa kwa kioo na kukigusisha kichwa cha msumari kwenye Bibi. Vilisogea kidogo, halafu vikabaki wazi. Nikamwambia msimamizi, "Hivi ndivyo tunavyoingia humo ndani." Nikachukua kisu, nikakwangua rangi mahali pa ukubwa wa kucha mpaka shaba ikang'aa. Nikagusa tena. Vikafumba papo hapo.

Hakuna aliyecheka. Msimamizi aliniomba nirudie. Nikarudia mara tatu. Mara ya tatu akauliza, kwa sauti ndogo, "Rangi hii nani aliipaka?" na anajua vizuri nani. Nikasema mimi.

Sasa nikueleze kimya changu, na unisamehe. Chumba kilifungwa, wakaja wakaguzi na vifaa vyao. Waya wa Bibi kwenda ardhini waliukuta mzima, kosa lilikuwa rangi tu, na jina langu likaandikwa kwenye ripoti. Nikaambiwa nikae nyumbani nisubiri. Barua yako ya tarehe 16 ikafika, kalamu nikaishika mara nne. Ningekuandikia nini? Kwamba baba yako alitaka kuwachoma watu saba wa chumba cha wino kwa usafi wake? Niliona aibu, nikasema ngoja nijue hatima yangu kwanza. Ya tarehe 27 ilipofika juzi, ndipo nikaona aibu ya kweli ni ipi. Nimekuacha siku zote hizo ukitazama saa ya ukutani. Sitarudia, hata kama habari yenyewe ni ya kunifedhehesha.

Jana nimeitwa. Msimamizi amesema aliyemfunika Bibi anamjua, lakini na aliyemfunua anamjua, na viatu namba arobaini na sita vimefika, vyeusi, vizito, vibaya kama dhambi. Nimeanza kazi leo asubuhi. Vyako sijaviacha. Navivaa njia nzima mpaka mlangoni, napita navyo kwenye roli, namgusa Bibi, nabadilisha, namgusa tena, ndipo naingia. Vinanisubiri nje vimetazama njia ya nyumbani.

Rangi yote nimeikwangua mwenyewe kwa msasa, mpaka chini. Ameuma leo! Tiki! mpaka kwenye kiwiko. Sijawahi kuumwa nikafurahi hivyo, machozi yalinitoka mbele ya watu wazima wenzangu.

Fomu nimeichana kama ulivyoagiza, vipande vidogo vidogo. Viko kwenye kisahani mezani, na chanuo liko pembeni. Ukija likizo utaona vinavyoruka. Msimamizi anaomba ukipata siku moja uje uwaeleze wenzangu kwa lugha uliyonielezea mimi. Nimemwambia nitauliza kwanza, mwalimu wangu ana shughuli nyingi.

Jambo la mwisho. Wenzangu wamembadilisha jina. Wanasema aliyetuokoa si bibi wa mtu. Kuanzia leo, kabla hatujaingia, tunasema tunamwamkia Binti. Basi kila asubuhi nitaweka kiganja changu pale, utaniuma kidogo, nami nitajua upo.

Baba yako